Mtaa wa Ledra: barieri ilifunguka, mkataba bado

(Maneno ya wafanyakazi wetu wa kanda mbele ya wajumbe wa komite mbili za amani, katika mkutano wa kuzungumzia soko lao la pamoja. Kwa ombi la wajumbe wenyewe hatukuandika jina la soko wala la vijiji.)

 

Katika barua mliyotuandikia mlikuwa na ulizo moja tu. Soko lenu la Jumamosi, lililokuwa likikusanya vijiji vyote viwili, limekufa tangu watu wakimbie. Wamama wa huku juu wanabeba maharage saa nyingi kwa miguu mpaka soko la mbali. Wale wa kule chini wana mawese na samaki wakavu, na hawana mnunuzi. Kati yenu kuna wanaosema: tufungue soko, watoto wapate kula. Na kuna wanaosema: hapana, waliokufa hawajasemwa, mashamba hayajarudishwa, wakubwa hawajatia sahihi, tukifungua soko leo tutakuwa tumefunika kidonda kabla ya kukisafisha. Mlituomba tuseme sisi tunaonaje.

Tutasema. Lakini mtuvumilie kwanza tuwatembeze katika mtaa mmoja wa mbali, kwa sababu watu wa mtaa ule waliishi na ulizo hilohilo kwa zaidi ya miaka 40, na sisi watatu tulio mbele yenu tuliukanyaga kwa miguu yetu katika safari ya mafunzo.

Mtaa unaitwa Ledra. Uko Nicosia, mji mkuu wa kisiwa cha Kipro, ambacho wengine hukiita Saiprasi. Wasomaji wa Biblia mnalijua jina hilo: Barnaba, mwenzake Paulo, alikuwa mtu wa Kipro. Watalii wa Ulaya wanakipenda kisiwa kwa ajili ya pwani zake, na wengi wakishuka kwenye ndege huelekea baharini moja kwa moja. Nicosia iko ndani, katikati ya kisiwa, na kiangazi joto lake hupita digrii 40. Kwa hiyo ni mji mkuu wa nchi ya Umoja wa Ulaya ambao wageni wengi wanaupita kando. Sisi tulikwenda kwa ajili ya mji wenyewe.

Mji wa kale umezungukwa na ukuta wa mviringo uliojengwa na watu wa Venisi kuanzia mwaka 1567. Mtaa wa Ledra unaanzia kusini, penye uwanja unaoitwa Eleftheria, maana yake Uhuru, na unakwenda kaskazini mpaka katikati ya mji. Motokari haziingii. Ni watu tu: wazazi na vigari vya watoto, wanafunzi, wazee wanaotembea mikono mgongoni, wasichana wenye aiskrimu, wanajeshi vijana walio katika likizo ya siku moja. Huku viatu, huku nguo, huku saa na miwani. Meza za mikahawa zimetandazwa hadi katikati ya njia, na mtu akikaa na kikombe kimoja cha kahawa anaweza kumaliza jioni nzima bila mtu kumfukuza. Kwa kweli tulifurahi. Mmoja wetu alisema ni kama Jumamosi yenu ya zamani, ila hakuna mbuzi.

Ukiendelea kutembea, maduka yanapungua kidogo, na mara unakuta kibanda cha polisi katikati ya mtaa. Unaonyesha pasipoti. Unapita kati ya nyumba zenye madirisha yaliyozibwa kwa mapipa na mifuko ya mchanga. Pahali hapo, pasipofika mita mia moja, ni pa Umoja wa Mataifa. Halafu kibanda kingine, polisi wengine, pasipoti tena. Kisha mtaa unaendelea, na maduka yanaanza upya: viatu, nguo, saa, miwani. Lakini sasa maandishi ni ya Kituruki, bei ni kwa lira na si kwa euro, na mwadhini anaita kutoka msikiti wa Selimiye, ambao kabla ya mwaka 1570 ulikuwa kanisa kuu la Mtakatifu Sofia. Barieri hiyo upande huu inaitwa Lokmacı, yaani muuza lokma, na lokma ni mandazi madogo ya mviringo yenye sukari. Kahawa pia ni ileile, imechemshwa katika birika dogo lilelile. Kusini wanaiita ya Kigiriki, kaskazini ya Kituruki, na ukikosea upande watu wanakuangalia vibaya.

Sasa tuseme mtaa ulikatikaje.

Kipro ilipata uhuru kutoka kwa Waingereza mwaka 1960, mwaka wetu sisi Wakongo. Wenyeji ni wa jamaa mbili kubwa: Wakipro Wagiriki, walio wengi, na Wakipro Waturuki. Hata kabla ya uhuru Mtaa wa Ledra ulikuwa na sifa mbaya. Katika miaka ya vita dhidi ya Waingereza, 1955 hadi 1959, watu waliuawa humo kwa risasi mpaka magazeti ya Kiingereza yakauita Maili ya Mauaji. Baada ya uhuru serikali ya pamoja haikudumu. Mwezi wa Desemba 1963 jamaa hizo mbili zilianza kuuana mjini Nicosia. Jenerali mmoja Mwingereza, Peter Young, alichukua ramani ya mji na penseli ya rangi ya kijani, akachora mstari wa kuwatenganisha. Mstari huo unaitwa Mstari wa Kijani hadi leo. Mwezi wa Machi 1964 Baraza la Usalama likatuma askari wa Umoja wa Mataifa.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo, kwa sababu tumesikia manung'uniko mengi katika vijiji vyetu juu ya askari wa kofia za buluu, kwamba walikaa muda mrefu mno. MONUC ilifika Kongo mwaka 1999. Wale wa Kipro walifika 1964, na bado wapo.

Mwaka 1974 mambo yakawa mabaya zaidi. Tarehe 15 Julai wanajeshi waliotaka kuunganisha kisiwa na nchi ya Ugiriki walimpindua rais, na tarehe 20 Julai jeshi la Uturuki likaingia. Zaidi ya Wakipro Wagiriki 150,000 walikimbilia kusini. Makumi ya maelfu ya Wakipro Waturuki wakahamia kaskazini. Kila mmoja aliacha nyumba, na nyumba ile akaingia mwingine. Mstari wa penseli ukawa eneo tupu lenye urefu wa kilometa 180 kutoka pwani hadi pwani, lenye kukata mji mkuu katikati. Ndani yake, mjini humo, kuna motokari zilizokuwa zikingoja wanunuzi dukani mwaka 1974. Zimebaki palepale na vumbi lake. Mtaa wa Ledra uliwekewa ukuta, na nyumba za karibu na ukuta zikawa stoo na karakana za maseremala, maana nani atafungua duka la nguo pahali ambapo njia inaishia?

Jambo lililotuleta mbele yenu leo ni namna mtaa huo ulivyorudi. Tukiwa shuleni sisi tulifundishwa kwamba wakubwa hupatana, mkataba hutiwa sahihi, kisha watu hurudi sokoni. Nicosia mambo hayakwenda hivyo. Yalianzia kwenye mavi. Tunaomba radhi kwa wazee, lakini ndiyo kweli yenyewe.

Mji uliokatika vipande viwili ulikuwa na maji machafu, na maji hayo hufuata mteremko, hayasimami kwenye barieri. Mwaka 1978, miaka minne tu baada ya vita, wakuu wawili wa mji, Lellos Demetriades wa upande wa kusini na Mustafa Akıncı wa upande wa kaskazini, walikubaliana kuwa na mabomba ya pamoja ya maji machafu, na pahali pa kuyasafisha pakawa kaskazini. Hawakukubaliana juu ya bendera wala juu ya nani alianza kuua. Walikubaliana juu ya mabomba.

Mwaka uliofuata, 1979, wakaanza kazi ya kupanga mji mzima pamoja, kwa msaada wa shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Mafundi wa pande zote mbili walikutana wakachora mipango ya aina mbili: mmoja wa mji ulio na barieri, mwingine wa mji usio na barieri. Na katika mpango huo kila upande ulitengeneza kipande chake. Kusini wakafanya Ledra na mtaa jirani wa Onasagorou kuwa njia za waenda kwa miguu. Kaskazini wakafanya vivyo hivyo katika mitaa yao ya biashara. Ukuta ulikuwa bado umesimama! Walikuwa wanatandika mawe kuelekea ukuta, kutoka pande zote mbili, kusudi siku ukianguka mtaa uwe tayari. Tulipoelezwa hayo tulinyamaza muda.

Tarehe 23 Aprili 2003 wakuu wa kaskazini walifungua njia ya kwanza, penye hoteli ya Ledra Palace, nje kidogo ya ukuta wa kale. Maelfu ya watu walipanga mstari. Wengi walikwenda kutazama nyumba zao za zamani. Walibisha hodi, wakafunguliwa na mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo aliwakaribisha kahawa na hata kuwatolea picha za familia alizozikuta ndani akazitunza miaka yote hiyo. Wengine walikuta nyumba haipo. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 24 Aprili 2004, pande zote mbili zilipiga kura juu ya mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuunganisha nchi: kaskazini asilimia 65 walisema ndiyo, kusini asilimia 76 wakasema hapana. Mpango ukafa. Hata hivyo, tarehe 3 Aprili 2008, barieri ya Mtaa wa Ledra yenyewe ilifunguliwa. Siku hiyohiyo jioni ilifungwa tena kwa saa chache kwa sababu ya ubishi juu ya polisi kuingia katika eneo la Umoja wa Mataifa, kisha ikafunguliwa. Wamama, mnaona, hata huko.

Ndugu zetu mnaosema tufungue soko leo, mtakuwa mmeanza kutabasamu. Ngojeni kidogo.

Tarehe 23 Mei 2015 viongozi wawili wa kisiwa, Nicos Anastasiades na Mustafa Akıncı, yuleyule wa mabomba, ambaye sasa alikuwa kiongozi wa Wakipro Waturuki, walitembea pamoja katika mtaa huo, kusini na kaskazini, wakanywa kahawa pande zote mbili, watu wakiwapigia makofi. Kila mtu aliona amani imefika. Miaka miwili baadaye, Julai 2017, mazungumzo yao yalivunjika kule Crans-Montana, Uswisi. Kahawa ya mtaani haikuweza kumaliza maneno ya ardhi, ya majeshi, na ya nani atatawala.

Tena, tarehe 29 Februari 2020, serikali ya kusini ilifunga barieri ya Ledra pamoja na nyingine kadhaa kwa sababu ya korona, kabla hata mgonjwa wa kwanza kupatikana kisiwani. Watu wa pande zote mbili waliandamana. Barieri ilikaa imefungwa mpaka tarehe 4 Juni 2021. Mwenye duka aliyezoea wanunuzi wa ng'ambo alilala usiku mmoja akaamka hana mnunuzi. Jambo hili mnalijua pasipo sisi kuwaeleza: mwaka huohuo wa 2020 mpaka wa Goma na Gisenyi ulifungwa, na wamama wachuuzi waliokuwa wakivuka Petite Barrière kila asubuhi na beseni kichwani walibaki nyumbani na mtaji ukaliwa. Ufunguo wa soko ukiwa mkononi mwa mtu wa mbali, kufunga kwake hakumchukui hata asubuhi moja.

Na kuna watu wa kusini ambao hawajavuka hata mara moja. Wanasema: nitaonyeshaje pasipoti kwa kwenda katika nchi yangu mwenyewe? Tulishawishika kuwaona kama watu wa moyo mgumu. Baadaye tulikumbuka wazee wetu wasiotaka kukodi shamba walilozaliwa ndani yake.

Sasa, waliopotea. Hili ndilo lililokuwa zito katika barua yenu. Watu 2,002 waliandikwa kuwa wamepotea Kipro katika fujo za miaka ya 1963 na 1964 na katika vita vya 1974: Wakipro Wagiriki 1,510 na Wakipro Waturuki 492. Komite ya kuwatafuta iliundwa mwaka 1981, lakini kwa miaka mingi kila upande ulihesabu wafu wake tu. Kazi ya kuchimba na kutambua mifupa ilianza mwaka 2006, ikifanywa na wataalamu vijana wa jamaa zote mbili, katika chumba kimoja, ndani ya eneo la Umoja wa Mataifa. Mpaka sasa zaidi ya elfu moja wametambuliwa na kurudishiwa familia zao wazikwe. Wanachimba wapi? Pale ambapo mtu ameonyesha. Anayejua kaburi la Mgiriki mara nyingi ni Mturuki, na anayejua la Mturuki ni Mgiriki. Kama watu hawa hawakutani pahali popote, nani atamnong'onezea nani?

Kwa hiyo, wapendwa, maoni yetu ni haya, na mnaweza kuyakataa. Tunaona soko lifunguliwe pasipo kungoja sahihi za wakubwa. Kungoja kwa Nicosia kungekuwa kungoja mpaka leo, maana mkataba bado haujapatikana. Lakini tunawaomba msiliite soko la amani, msiite redio, msiandike kibao chenye jina la shirika letu. Liitwe soko. Mkiliita amani, siku watakapogombana wawili juu ya kipimo cha chumvi, watu watasema amani imevunjika, na kila kijiji kitashika panga.

Na maneno ya wafu na mashamba yasiingizwe chini ya meza za soko yakafichwa huko. Yawe na siku yake na barza yake, Jumatano kwa mfano, na watu wa pande zote mbili wakae, hata kama Jumatano ya kwanza hakuna atakayefungua kinywa. Mwenye kusema "sitakwenda sokoni mpaka nijue mwanangu amelala wapi" asichekwe, asilazimishwe. Yeye ndiye wa kukaa mbele siku ya Jumatano.

Kabla ya yote kuna choo. Mnajua pale sokoni hakuna choo, na maji yakishuka wakati wa mvua yanapita katika kisima cha kijiji cha chini. Tulizunguka leo asubuhi na wajumbe wawili, mmoja wa kila upande, na wote wawili waliziba pua pahali pamoja. Shirika letu linaweza kutoa mabati, saruji na fundi mmoja. Mchanga, mawe na mikono ni vyenu, nusu kwa nusu, na daftari la zamu lishikwe na wamama wawili, mmoja wa juu na mmoja wa chini.

Juu ya ufunguo wa stoo ya soko hatukusema kitu, kwa sababu tuliona asubuhi hii kwamba hapo ndipo penye moto. Kila kijiji kinataka kuushika. Nicosia kuna vibanda viwili na polisi wawili, na mnapita kwa kuonyesha pasipoti kila mara. Hatudhani mnataka hilo. Labda kufuli mbili kwenye mlango mmoja, labda stoo isiwepo kabisa kwa miezi ya kwanza, kila mtu arudi na mzigo wake. Ninyi ndio mtakaoamua, na tuna saa mbili kabla mvua haijashuka.

Mama aliyeinua mkono pale nyuma, karibu, anza wewe.